Kompyuta Imetabiri

Cape Town, 3 Machi

Baba, shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mie mzima, ila usingizi hauji. Naiwaza kazi hata nikioga.

Uliuliza nafanya nini huku. Kijidudu cha kifua kikuu kina protini maelfu. Kompyuta inatabiri ni vipande vipi vya protini hizo ambavyo kinga ya mwili itavitambua na kuvishambulia. Chanjo mpya tunataka ianzie hapo. Jana imetabiri kumi na viwili. Sijui kama nifurahi mapema.

Mwanao,
Jovina

Temeke, 9 Machi

Mama, marahaba. Ujumbe wako nimewasomea wenzangu kwenye jumuiya ya sala, wakapiga makofi. Anselmo akanichokoza: "Mzee Revelian, binti kawa nabii?" Nikamjibu: "Wako anatabiri mechi kila Jumamosi, hajapatia hata moja. Wangu katabiri chanjo."

Kikohozi kimekwisha. Vile vidonge vya kifua kikuu vinavyogeuza mkojo rangi ya chungwa nimeviacha tangu Jumatatu. Nasubiri chanjo yako. Usichelewe.

Baba

Cape Town, 9 Machi

Baba, shikamoo. Napiga simu, hupokei. Tafadhali nenda zahanati kesho asubuhi.

Kompyuta haina unabii, inakisia. Vipande vile havijajaribiwa hata maabara. Huenda vyote vikawa bure. Chanjo ni kazi ya miaka. Na hata ingekuwa tayari leo, hii ninayoitafuta ni ya kumkinga ambaye hajaugua. Wewe dawa yako ni vidonge. Kikohozi kimetulia, wadudu bado wamo. Ukiacha katikati watarudi wakiwa sugu.

Nikasirikie, Baba, lakini meza.

Jovina

Cape Town, 15 Machi

Baba, shikamoo. Jirani yetu Mauwa anasema anabisha, hufungui. Kama ni aibu ya jumuiya, waambie mwanao ni mwongo. Nitaubeba uongo huo. Nijibu hata neno moja.

Jovina

Temeke, 2 Aprili

Mama, marahaba. Sikuzaa mwongo. Nilisimama mbele ya jumuiya nikasema chanjo bado, mimi ndiye niliyeharakisha. Anselmo akafungua mdomo. Mkewe akamkanyaga mguu.

Zahanati wamenigombeza, wamepima makohozi upya, wamenirudisha kwenye dawa. Kila asubuhi Mauwa anasimama mlangoni. Nikishameza, ananiamuru nitoe ulimi ahakikishe.

Nautoa, mtu mzima mimi.

Baba yako