Mlio wa Pikapu ya Mama Miche

Jumanne, 3 Juni

Leo nimechekesha gereji nzima! Naandika kabla sijasahau, maana siku za namna hii zimekuwa chache.

Mama Miche kaleta pikapu yake, ile otomatiki kuukuu anayobebea miche ya miti. Miaka saba naihudumia mimi. Anasema inalia. Wapi? Chini, katikati. Mlio mwembamba, anasema, unaanza gari ikishapata moto, na ukikanyaga mafuta unapanda. Ni giaboksi hiyo, fundi, gari yangu naijua. Haya. Nikapanda naye, yeye usukani, mimi masikio wazi. Tukaenda mpaka mlima wa tangi la maji na kurudi. Saa nzima! Kila mara ananigeukia: "Huo! Huo hapo, fundi!" Mimi sijasikia kitu. Injini inanguruma vizuri, upepo unapita, bati la nyuma linagongagonga. Basi.

Tumerudi, benchi limejaa. Mpiga rangi, fundi umeme, wateja wawili. Mpiga rangi akauliza, Daktari, mgonjwa ana nini? (Daktari ni mimi. Naweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, nataja ugonjwa.) Nikajibu kwa sauti: "Gari kimya kabisa. Kinachotaka sevisi hapa ni masikio ya mama!"

Lo! Walicheka mpaka fundi umeme akaangusha koleo. Mama Miche naye akacheka kidogo. Akafunga mkoba wake vizuri, akaondoka zake.

Alhamisi, 5 Juni

Lori la mchanga, klachi. Siku nzima chini ya gari, mgongo si wangu.

Mpiga rangi bado anaurudia utani wangu. Mteja yeyote mwenye mvi akiingia anaulizwa kama kaja sevisi ya masikio. Umeanza kunichosha kidogo.

Jumapili, 8 Juni

Mjukuu kalala kwetu, ana homa. Mke wangu akamwekea kipimajoto kwapani, akaniambia, mshikie mkono mpaka kilie, mimi nachemsha maji. Nikashika. Nikangoja. Nikangoja weee! Sauti kutoka jikoni: si ukitoe basi, kimeshalia. Nikasema bado. "Bado nini? Mimi niko huku nimekisikia!"

Nikakitazama. Namba imesimama.

Nikadhani kibovu. Nikaingia nacho chumbani, nikafunga mlango, nikakiweka kwapani kwangu. Namba zikapanda, zikasimama. Kimya. Nikakipeleka sikio la kulia. Kimya. La kushoto. Kimya. Mjukuu kasukuma mlango, homa yake na yote, mikono masikioni: "Babu, kizime! Kinapiga kelele!"

Nimekaa kitandani. Miaka thelathini na mitano ya nyundo na mashine ya kukata chuma, bila hata pamba masikioni. Pamba ni za waoga, ndivyo nilivyokuwa nawaambia vijana wa gereji.

Halafu nikamkumbuka yule mama. Mlio mwembamba, alisema. Mwembamba!

Uso umeniwaka nikiwa peke yangu chumbani.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeamka nikisema leo nampigia simu. Nimwambie nini? Sikupiga. Nikajitia nina kazi nyingi.

Saa nne kaja mwanawe mkubwa, yule wa ofisini, viatu vyake havitaki kukanyaga oili. Ananishukuru. Ananishukuru mimi! Anasema, fundi, umetufungua macho. Mama alikwenda hospitali kwa sababu ya maneno yako. Kapanga foleni tangu alfajiri, kasafishwa masikio. Daktari wa kweli, yule mwenye cheti, kamwambia masikio yake mazima, hayana shida. Basi mama karudi nyumbani, kakaa kimya siku mbili, halafu kawaambia wanawe: kama masikio ni mazima na gari ni kimya, basi labda ni kichwa.

Kichwa! Yule mama hesabu ya miche elfu mbili anaishika bila karatasi.

Sasa watoto wameamua. Mama asiendeshe tena. Pikapu inauzwa, mnunuzi kapatikana, anakuja Jumamosi kuitazama hapa hapa kwangu. Na miche? Mama apumzike, anasema, sabini na moja si mchezo. Akaniuliza: "Lakini wewe mwenyewe uliisikiliza, siyo? Ilikuwa kimya?"

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa! Nikasema: "Kwangu ilikuwa kimya." Ulimi una ujanja huu. Si uongo, na ni uongo mtupu.

Nikamwambia ailete Jumatano niikague kabla ya kuuzwa. Akanishukuru tena. Laiti ardhi ingepasuka.

Jumatano, 11 Juni

Gari imeletwa. Saa saba nikaipeleka nyumbani, nikamwambia mke wangu, twende, najaribu gari ya mteja, nataka mtu wa kuongea naye. Akanitazama juu ya miwani, gauni la watu bado liko chini ya sindano ya cherehani. Anasema, miaka thelathini na moja ya ndoa hujawahi kutaka mtu wa kuongea naye garini. Lakini akaja.

Hatujafika hata nusu ya mlima. "Hiki kinacholia ni nini?"

Nikajifanya sijashtuka. Kinaliaje? Anasema kama mtoto anayekataa kulala. Si kilio kamili, ni manung'uniko: iii, iii. Nikapunguza mwendo. Sasa? Kimeshuka. Nikakanyaga. Sasa? Kimepanda. Nikasimama pembeni, gia kwenye P, breki ya mkono, magurudumu hayaendi popote. Nikapiga resi. Sasa?

"Kipo kile kile! Kinapanda na mguu wako. Kwani wewe hukisikii?"

Nilikuwa nahesabu kwa vidole kama mwanafunzi. Gari imesimama na mlio upo, basi si beringi za magurudumu, wala si difu. Unafuata injini, basi ni mbele ya giaboksi, kwenye pampu yake ya mafuta. Yule mama alisema giaboksi tangu siku ya kwanza. Nikafungua boneti injini ikiwaka, nikachomoa stiki ya kupimia mafuta ya giaboksi. Kiasi kinatosha. Lakini mafuta yana povu! Vipovu vidogo vidogo, kama maji ya kufulia. Pampu inavuta hewa pamoja na mafuta, ndiyo maana inalia. Nikatia D: gari ikafikiri kwanza, ndiyo ikashika. Na kusita huku nilikuona Jumanne ile! Kiti changu kilikuona. Lakini Daktari alikuwa anasikiliza, hana haja ya kutumia makalio.

Niliporudi ndani ya gari mke wangu kakunja mikono. Akauliza tena, polepole. Nikamwambia yote. Kipimajoto, mama, utani, hospitali, mwanawe. Nilidhani atanifokea.

Anasema: "Mimi napaza sauti nyumbani mwaka wa tatu huu. Wewe ulidhani nimekuwa mkali?"

Ndivyo nilivyodhani. Nimemsema hata kwa mpiga rangi: mke wangu uzeeni kawa mkali. Mungu wangu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeshusha sampu ya giaboksi, lile bakuli la mafuta la chini, peke yangu, asubuhi, kabla benchi halijapata watu. Niliomba nikute ufa, pampu iliyolika, chochote cha kulaumu chuma. Mafuta yakamwagika kwenye beseni, nikavuta filta ikatoka kirahisi mno, kama jino bovu. Filta yenyewe mpya. Ya mwezi wa pili. Niliiweka mimi.

Nikaingiza kidole kwenye tundu la pampu, pale shingo ya filta inapoingia. Kuna kitu. Nikakwangua na bisibisi ndogo. Kikatoka: sili ya zamani. Pete ya mpira, imekakamaa, nyeusi tii. Filta ya zamani ilipotoka iliiacha juu, nami nikasukuma filta mpya na sili yake mpya juu ya ile ya zamani. Shingo haikuingia mpaka mwisho. Mafuta yakiwa ya baridi na mazito, panajibana. Yakipata moto yakawa mepesi, pampu inafyonza hewa pembeni.

Kazi ya kidole kimoja! Ingiza kidole, hakikisha sili imetoka. Hili nimewafundisha wanaume kumi na wawili, nimewagonga vichwa kwa hili. Na siku ile naikumbuka: nilikuwa namhadithia mpiga rangi kisa cha mteja aliyetia maji ya betri kwenye rejeta. Tunamcheka mjinga yule, huku mkono wangu unafanya haya. Nyani haoni kundule.

Basi nilivuruga gari mimi, nikashindwa kuusikia mlio mimi, halafu mwenye kuusikia nikamfanya kichekesho.

Nimeweka filta nyingine, sili moja tu, kidole nimeingiza mara nne. Mafuta mapya. Nimeipasha moto, nimechomoa stiki: safi, hakuna povu. Kama bado inalia sijui. Kusikia ndiyo siwezi kabisa. Pampu iliyovuta hewa miezi minne inaweza kuwa imeshalika, na hapo italia hata bila povu.

Jioni shetani kanitembelea na maneno matamu. Si umeshatengeneza? Nyamaza. Mlio umekwisha, mama ataona kichwa kimepona, kila mtu na furaha yake. Nikakubaliana naye kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Halafu nikakumbuka: gari inauzwa kesho. Haiuzwi kwa sababu ya mlio, inauzwa kwa sababu ya neno langu. Nikinyamaza anabaki nyumbani, akijisikiliza kichwa mpaka afe.

Mke wangu anauliza, utamwambia lini? Kesho. Mbele ya nani? Nikasema nitamwita pembeni, ofisini, kwa heshima.

"Ulimcheka pembeni?"

Nikaenda kulala.

Jumamosi, 14 Juni

Wamekuja saa tatu. Mama Miche, mwanawe, na mnunuzi, bwana mmoja mwenye tochi yake mwenyewe ya kukagulia. Mke wangu hayupo, kampeleka mjukuu kwa mama yake. Benchi limejaa, Jumamosi hii. Mama kanisalimia kwa adabu zote, hali yako fundi, nyumbani hawajambo? Hana kinyongo hata kidogo. Afadhali angekuwa nacho.

Nikasema gari lazima ipashwe moto kwanza, mwendo wa kwenda na kurudi. Mwanawe akanyoosha mkono achukue ufunguo: mama haendeshi tena. Nikamwambia, kwenye gereji yangu anayeendesha ni mwenye gari. Nikampa mama. Nilijiona mwanamume kwa dakika mbili nzima.

Viti ni viwili, tukawa mimi na yeye. Nafasi gani tena nilitaka? Mlima mzima nina maneno mdomoni. Nikisema tukipita daraja. Nikisema tukifika tangi. Tumefika tangi, tumegeuza, tumeshuka. Sikusema! Nikasema jua kali leo. Akasema kweli, miche itataka maji.

Na yeye hakusema "huo" hata mara moja. Macho barabarani, mikono miwili usukani. Hakunigeukia. Na mimi sijui! Kanyamaza kwa sababu mlio umekwisha, au kanyamaza kwa sababu tumemfundisha kunyamaza? Nimemtazama uso njia nzima. Uso haukuniambia kitu.

Tukaingia gereji, injini inawaka. Wote wakasogea. Mnunuzi akauliza, haya fundi, giaboksi inasemaje? Mwanawe akadakia, fundi alishaisikiliza wiki iliyopita, ilikuwa kimya, mama ndiye... akaishia hapo, akazungusha kidole karibu na kichwa. Kidogo tu. Mama kakiona.

Nikainama dirishani kwake. Nilitaka kusema yote. Kilichotoka ni hiki: "Mama, bado inalia?"

Mpiga rangi kaanza kucheka. Alidhani ule utani unaendelea, maskini. Wengine wakamfuata.

Mama Miche hakucheka. Kanitazama, mkono juu ya ufunguo. Kisha akauliza, si kwa hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli: "Kwa nini unaniuliza mimi, fundi?"

Nimesema nafuata kitambaa cha kufutia mikono.

Niko ofisini. Naandika nimesimama, daftari juu ya betri kuukuu, na vitambaa vimejaa tele hapa mbele yangu. Dirishani nawaona. Mnunuzi anatazama saa. Mwanawe anaongea na simu. Mama hajazima injini. Hamtazami mtu mwingine, anatazama mlango huu.

Jibu la swali lake ni maneno mawili tu: Mimi sisikii.

Kuyaandika nimeweza.