Ugonjwa wa Wazungu

Mama,

Memsahib wako amepona. Naanza na hilo maana najua ndilo ungeuliza kwanza. Amenenepa, anapanda farasi tena hapa Njoro, na Jumapili iliyopita aliwaalika wenzake wa Milimani waje kunywa chai ya kumshukuru Mungu. Mungu wao hutoa tiketi ya ndege. Sisi alitutumia dresa.

Yule dresa bado yuko kwenye kibanda chake cha dawa, na miwani yake ya kujifanya msomi. Ulimwendea na uvimbe mdogo kwenye titi, kama punje ya harage, ukamwambia wazi kwamba unafanana na ule wa memsahib, kwani wewe ndiye uliyemfunga vifungo vya gauni na alikuonyesha. Akacheka. "Kansa ni ugonjwa ya Wazungu, mama. Wewe uko na jipu." Akakupaka marhamu nyeusi. Na wewe ukamwamini! Hapo nakukasirikia hata leo. Ulirudi umefurahi, ukatupikia chai ya maziwa mengi, ukasema umaskini nao una faida, magonjwa makubwa hayakujui. Nikacheka nawe, mjinga mimi.

Yeye alipelekwa Uingereza mwezi uleule. Wewe uliendelea kupiga pasi mashuka yao mpaka mkono ukavimba, ukakataa kuinuka. Uliomba gari likufikishe Nakuru, bwana akasema petroli ni ya kuvuna ngano. Ukamjibu, "Asante, bwana." Asante ya nini, Mama?

Memsahib aliporudi alikuta tumeshakuzika. Alikuja kaburini na maua, akanitazama kama mimi ndiye mkosaji. "Kwa nini yeye hapana ambia mimi?" Nilitazama viatu vyake ili nisimtemee mate.

Sasa sikiliza. Mdogo wako Rebeka naye ana uvimbe. Dresa alimpa marhamu ileile. Bwana alinipa jibu lilelile la petroli. Basi siku ya chai, mimi ndiye niliyewapelekea sinia. Nililiweka mezani, nikamwita mama mdogo kutoka jikoni, na yeye, kama tulivyokubaliana, akafungua blauzi mbele ya wale wanawake wote. Nikamwambia memsahib, "Shika hapa. Wewe unaujua." Mmoja wao aliinua macho akaitazama picha ya Malkia mpya pale ukutani, labda alitaka amwokoe. Memsahib alishika. Akaujua kwa kidole kimoja, Mama. Kidole kimoja tu!

Kumbe petroli ilikuwapo. Kesho yake asubuhi gari lilimfikisha mama mdogo hospitalini Nakuru, na barua ya memsahib mkononi. Amekatwa titi, na daktari anasema tumewahi. Usianze kuwasifu, nakujua. Hiyo haikuwa huruma. Waliona aibu mbele ya wageni, basi.

Bwana ameniita. Amesema niende nikawaombe msamaha wale wageni, mmoja mmoja, la sivyo nihame shambani kabla ya mwisho wa mwezi, mimi na mama mdogo. Nimewaza sana, kwa sababu kaburi lako liko hapa, na nikihama hawataniruhusu kuingia kulipalilia. Watalima ngano mpaka juu yako, nawajua hawa. Nimelia, Mama, sikufichi. Lakini sikwenda kuomba msamaha. Tunahamia Olenguruone kwa ndugu wa mume wa mama mdogo. Kila mara daktari atakapomwita, nitampeleka Nakuru, hata kwa miguu.

Kwaheri, Mama. Nisamehe kwa kukuacha peke yako katika shamba la watu hawa. Ulikuwa mpole kwao hadi pumzi ya mwisho, na upole wako waliupokea kama haki yao. Nakuahidi jambo moja tu: mama mdogo hatakufa kwa adabu.

Binti yako,
Tabitha