Hakuna Mtu Anayeitwa Baba Upendo

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu Baba Upendo,

Hivi wewe nilikuzaa bila jina? Mtu mzima, una mke, una mikorosho, karani wa chama cha ushirika anakuuliza jina unajibu "Baba Upendo", kama unaitwa uani kula! Hasira yangu utaielewa mbele. Kwanza marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Mguu uliojikata na panga umepona? Mama Upendo kikohozi kimemwacha? Mimi huku mzima, nakula nashiba. Kitukuu, huyu mtoto wa Upendo, namwogesha mwenyewe, shingo imekaza sasa. Muhogo wao tu ndio hauna ladha.

Sasa sikiliza. Mwanao Upendo kazi yake ni kuiandikia kompyuta maagizo. Lugha yenyewe inaitwa Java. Si Kimakonde, si Kiswahili, lakini anaiandika haraka kuliko mimi ninavyopukuchua mahindi. Amepewa kazi ya vyama vya huko kwetu: mkulima asigawiwe salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, mpaka ijulikane ni mtu kweli, si jina hewa. Programu yake yenyewe haimjui mtu. Inaiuliza kompyuta nyingine iliyoko mbali, yenye majina na namba za vitambulisho, "Huyu yupo?" Ile inajibu kwa mtandao.

Siku ya kujaribu nilikaa naye, mtoto nimempakata. Mara ya kwanza ile kompyuta ilikataa hata kumsikiliza. Nikasema, "Ina maringo hiyo." Akasema, "Hapana Bibi, haijanitambua. Nimesahau kutuma ufunguo." Ufunguo wenyewe si chuma, ni maandishi marefu yasiyosomeka. Akautuma. Kimya. Akaipangia programu muda wa kungoja, ukipita iulize tena, isikae imeduwaa. Ikajibiwa! Nikapiga vigelegele, mtoto akaangua kilio.

Ndipo akaingiza watu wa kijijini kwetu Chilangala, akaanza na baba yake kwa mapenzi. Jibu: jina na namba havilingani. Akaingiza jirani yako Mama Salima. Havilingani. Baba Fikiri. Havilingani. Mwanao akainamia maandishi yake kutwa nzima kutafuta alipokosea, chai ikapoa, ming'oko, viazi vya porini nilivyombebea toka nyumbani, hakuigusa. Mwisho akacheka peke yake. "Bibi, programu ni nzima. Kijiji chetu ndicho kimejiandikisha kwa majina ya watoto."

"Si uiambie huyo ni baba yako?"

"Haijui baba wa mtu. Inajua jina na namba."

"Basi mpitishe wewe."

"Nikimpitisha baba yangu kwa mlango wa nyuma, nitamzuia nani?"

Nilinuna, lakini rohoni nilifurahi. Hiyo akili hakuitoa kwako, kaitoa kwangu.

Ila jua hili. Majina yasiporekebishwa, wenzenu wa vijiji vingine watapewa salfa ninyi mmekaa mnatazama. Mikorosho itachanua, ugonjwa wa ubwiri utakula maua, mtavuna majani.

Najua utasema mimi ndiye sijawahi kukuita jina lako. Sikuiti kwa sababu ni la baba mkwe wangu, na mkwe simtaji hata akiwa kaburini. Nimekuita Baba tangu unatambaa, na nitakuita hivyo mpaka nife. Sasa heshima yangu kwa mkwe inakuhusu nini wewe? Jina ni lako! Mbona mimi kwa karani nilisema Monika, sikuona haya?

Sijapiga simu kwa makusudi. Kwenye simu utasema "ndiyo mama" kisha ulale. Hii utaisoma mbele ya mkeo.

Msalimie huyo mke wako, mwambie namtegemea yeye zaidi. Msalimie mdogo wangu anayenitunzia kuku, na ajue nawakumbuka mmoja mmoja kwa rangi. Msalimie mwalimu wa kwaya, mwambie huku wanaimba kwa kukimbia.

Ni mimi mama yako mzazi, mwenye jina.

Na hiyo barua usiikunje ukarudi kulala. Vaa viatu, chukua kitambulisho, nenda kwa karani ulitamke jina la babu yako lote, kwa sauti. Ukitoka hapo pita kwa Mama Salima, na usimwite Mama Salima: muulize anaitwa nani, mpeleke.