Panga Zisizokata za Zuhura na Mimi

Hamadi, ndugu yangu,

Amahoro, amani iwe nawe huko uliko. Hapa Rumonge tuko na joto letu na harufu ya mawese, na mimi bado niko na tumbo hili uliloliita bagaji ya Mutanzania tangu nirudi kutoka ukimbizini Tanzania. Halijapungua. Wengine msiba huwakondesha, mimi unanilisha.

Kikundi chetu cha maigizo hakijafa. Lakini tangu tukuzike hatukuugusa ule mchezo wa ndugu wawili wanaogombea kiti cha baba yao. Nani angepigana nami badala yako? Kisha binti yako Zuhura akaja mazoezini, akasimama pale pale ulipozoea kusimama, akasema nafasi hiyo ni yake. Basi wale ndugu sasa ni kaka na dada. Nilikubali mbele ya watu, halafu nikaenda nyuma ya ukumbi kulia.

Panga zetu unazijua. Za mbao zimepasuka, za alumini zimeota meno kama msumeno. Kuchagua ilikuwa kazi yako. Mimi nilibeba mfuko tu. Sasa nimetumwa mimi kununua mpya, na nikikosea, atakayeumia ni mwanao.

Kwanza nilivutwa na panga za duka moja: mpini wa rangi ya dhahabu, zinang'aa, bei ya chini kabisa. Nilishaushika mmoja nilipokusikia kabisa: "Mwalimu, hii iko ya kupamba ukuta wa salon nyumbani! Ukigonga mara moja itavunjika, kipande kiruke kimutoboe jicho administrateur, mukubwa wetu wa commune, tulale cachot ya polisi sisi wote!" Mwenye duka akaniuliza nacheka nini. Sikuwa nacheka, Hamadi.

Nikaenda kwa fundi chuma, njia ya Gatete, yule anayefua ressort, zile springi za malori mabovu. Panga zake si za kutazamwa, lakini tunazimudu, na chuma chake hupinda kidogo kikarudi. Nikamwambia ukingo uwe mnene kama sarafu, ncha iwe mviringo kama kidole gumba, na mkia wa chuma upite ndani ya mpini mpaka mwisho, asiuunge shingoni kwa kuchomelea, kwa soudure. Akauliza nimejifunza wapi. Nikajibu, kwa mtu aliyeniua kila tulipocheza. Akasogea nyuma kidogo.

Zilipokuwa tayari nikafanya ile yako, kuvuta kitambaa cha pamba polepole kwenye ukingo wote. Kwenye upanga mmoja kikanasa. Fundi akasema ni kajino kadogo tu. Nikakataa kuondoka mpaka tupa ipite tena. Mimi, Hamadi! Mimi nisiyeweza hata kurudisha nyanya mbovu sokoni.

Lakini mazoezini... niliinua upanga, mkono ukakataa. Zuhura anatanguliza mguu wa kushoto kama wewe. Kidevu juu, kama wewe. Nikawa napiga hewa, mbali naye, kama mtu anayefukuza kuku. Zuhura akashusha upanga wake: "Tonton, mjomba wangu, piga. Ukinihurumia, nitajuaje pigo linatoka wapi?"

Alisema kweli. Anayesita ndiye anayeumiza mwenzake. Nikajifuta uso, nikapiga pale tulipopatana, nje kidogo ya bega lake. Akalipokea. Chuma kikalia safi, bila kutetema, na mama yake aliyekuwa amekaa mlangoni akajifunika mdomo kwa mtandio.

Jumamosi tunacheza. Nakuahidi, hakuna upanga utakaopanda jukwaani kabla sijaukagua kwa mkono wangu, na sitasita tena mbele ya mwanao. Mwishoni ataniua. Nitaanguka vizuri, bagaji na yote, nifumbe macho. Na watu watakapompigia makofi, nitasikiliza kwa ajili yetu sote wawili.

Pumzika, ndugu yangu.

Mwalimu wako