Kisu cha Kulungu Mmoja

Jumatatu, 3 Juni
Shemeji kapata kibali cha kuwinda! Kulungu mmoja, dume, Jumamosi hii. Miaka minne anaomba, leo barua imekuja na muhuri wake. Tumekaa wote mezani kwa dada, mara shemeji ananigeukia: "Mimi nitapiga risasi, kupasua ni kazi ya Mia Tatu." Mia Tatu ndiye mimi. Kulungu mia tatu nimewachuna kwa mkono huu — nawasimulia tangu mpwa wangu hajaota meno. Hata yule mkubwa kama pikipiki, niliyemfungua kwa kifuniko cha kopo la maziwa.

Nikasema, hilo dogo!

Nikamtupia mpwa wangu kazi hiyo, si yuko bucha mwaka wa tatu? Anasema bucha nyama huletwa imeshasafishwa, yeye ni wa kukata vipande tu. "Tumbo ni lako, mjomba."

Daftari, wewe huna mdomo, nikwambie. Sijawahi kupasua hata sungura.

Jumanne, 4 Juni
Nimekwenda kwa mhunzi, nyuma ya gereji. Nilitegemea mzee wa ndevu. Mwanamke! Mikono minene kuliko mapaja yangu. Kanipangia visu vitatu juu ya gunia. Kimoja kirefu, ncha imepinda kwenda juu kama pembe. Cha pili kifupi, mgongo unashuka polepole mpaka kwenye ncha, makali yamejaa kama tumbo la samaki. Cha tatu kina ndoano mgongoni, ya kuchania ngozi.

Akasema kazi yako ni hicho kifupi, ncha yake iko chini, haikimbilii kuchoma. Utumbo ukitoboka, bwana, nyama umeitia mavi.

Nikamwambia, mama, mimi nimechuna mia tatu.

Akavitazama vidole vyangu. "Na vyote kumi unavyo? Hongera."

Nimechukua kirefu. Kile kifupi kama cha kumenyea viazi — nitaonekanaje! Jioni nimekichomoa mbele ya wote. Dada kapiga yowe, shemeji kapiga makofi. Raha!

Alhamisi, 6 Juni
Mazoezi. Nimechukua begi la ngozi la zamani la mke wangu, ndani nikatia mfuko wa plastiki wenye maji. Begi ndiyo ngozi, mfuko ndio utumbo. Nikachoma, nikavuta. Chwaa! Mfuko mwingine. Chwaa! Wa tano nimelowa mpaka soksi.

Mke wangu mlangoni: "Mume wangu, begi limekukosea nini?"

Nikasema nalisafisha.

"Kwa jambia?"

Nimechukua tambara, nimepiga deki. Mimi! Kupiga deki!

Ijumaa, 7 Juni
Mbio kwa mhunzi. Hakucheka — hilo ndilo limenitisha zaidi. Kaniazima kifupi, kanishika na mkono kabisa: toboa ngozi kidogo, ingiza vidole viwili, iinue, makali yatazame juu, kisu kipite katikati ya vidole.

Nimejaribu nyumbani. Mfuko mzima! Hata tone! Nimecheza peke yangu jikoni. Ile mia tatu sasa naiona kama ya kweli.

Jumamosi, 8 Juni, saa nne asubuhi, porini
Naandika juu ya goti, sijui kama nitayasoma haya.

Risasi moja tu, kulungu kalala. Sikujua macho yanabaki wazi. Sikujua ana joto! Kama mtu aliyetoka kuamka. Nikapiga magoti, nikatoa kifupi. Shemeji: "Aa, Mia Tatu! Na lile jambia? Nataka picha." Simu kashainua. Dada kasogea aonekane naye. Nami — mjinga mimi — nikarudisha kifupi mfukoni, nikachomoa kirefu.

Ncha ikazama yote. Halafu harufu. Mungu wangu, harufu! Kikatoka kitu kijani, moto, kikatiririka ndani ya nyama. Miaka minne ya shemeji inavuja mbele yangu, na mimi nimeganda.

Mpwa kanisukuma kwa bega. "Mjomba, toka!" Kachomoa kifupi mfukoni mwangu, kaingiza mikono, kavuta, kakata, kamwaga maji, kakata tena. Upande mmoja kautupa. Nikamuuliza, kumbe unajua? "Sijui," anasema. "Lakini si naona?"

Shemeji kashusha simu. Akauliza polepole: shemeji, umechuna wangapi, kweli?

Nikafungua mdomo. Mia tatu ilikuwa palepale ulimini. Ikatoka: hata mmoja.

Hakuna aliyecheka! Nilidhani watacheka. Dada ananawa mikono ambayo haikushika kitu. Shemeji kaenda kusimama kwenye gari, kanipa mgongo, mabega yanatikisika — kicheko au kilio, kutoka hapa sioni. Nimetoa daftari nipate pa kutazama.

Mpwa ananinyooshea kisu kifupi, mpini mbele, damu mpaka kwenye kiwiko. "Mjomba, utaandika baadaye. Njoo ushike mguu huu, paja bado zima."

Nimemwambia ngoja nimalize mstari.

Mkono hajaushusha —