Helmeti Niliyoikataa

Jumatano, mchana. Baridi ya Ihanda ile ya mwezi wa sita, jua lipo lakini ni la mapambo. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinagoma kuandika. Au si baridi. Labda vidole vinajua ninachotaka viandike.

Nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kando ya vichanja vya kahawa. Kazi yangu ni kuchambua punje mbovu na kufukuza kuku. Tangu Jumamosi nachambua ovyo. Leo mama amepita mara tatu, akaokota punje nyeusi niliyoiacha, akaniwekea kiganjani.

Nianze na nywele, maana yote yalianzia huko.

Nilimaliza kidato cha nne Novemba. Mwezi ujao naripoti kidato cha tano, na fomu ya kujiunga imesema wazi: nywele fupi. Tangu darasa la kwanza kichwa changu kimekuwa kama cha kaka zangu. Hii miezi saba ya katikati ndiyo miezi pekee ya maisha yangu niliyofuga nywele. Usinicheke. Nilikuwa nazipima kwa rula.

Jumamosi mama mdogo, ambaye ana saluni Tunduma, alinisuka kwa mara ya kwanza. Rasta alizinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Ndefu mpaka mabegani, na kwa mbele akanivalisha shanga mbili za bluu. Mimi ni mtu ambaye mgeni akinisalimia naangalia viatu vyake. Lakini pale kwenye kioo nilimwona msichana ambaye hata mimi ningependa kuongea naye. Nikamwangalia machoni.

Mama alimtuma kaka Ezekia aje kunichukua. Ezekia ni bodaboda wa kijiwe chetu, anaimba besi kwenye kwaya, na amenibeba tangu nikiwa shule ya msingi kwa sababu mama hamwamini dereva mwingine. Siku zote anatembea na helmeti mbili: moja yake, nyingine ya abiria, anaining'iniza kwenye usukani. Akanipa ile ya abiria.

"Funika hicho kichwa kipya, dada, upepo usije ukakiiba."

Nikainusa. Ilikuwa na jasho la watu wa wiki nzima. Nikafikiria shanga zangu. Nikasema sivai.

"Kwani ukivaa utakufa?"

"Kaka Ezekia, tafadhali. Mpaka nyumbani tu."

Alisimama nayo mkononi, akaigeuza, akaipiga kofi kama anaikung'uta vumbi, akanipa tena. Nikarudisha mikono nyuma. Akacheka. "Haya, bibi harusi. Ila tukipigwa mkono na trafiki nasema mbishi ni wewe." Nami nikacheka, tukaondoka.

Tulipigwa mkono.

Ilikuwa barabara kuu, baada ya foleni ya malori kuisha. Trafiki wawili: mmoja mtu mzima, amekaa ndani ya gari mlango wazi, mwingine kijana, ndiye aliyetusimamisha. Pembeni palikuwa na mama anachoma mahindi na watu kama sita hivi wanasubiri gari.

"Helmeti ya abiria iko wapi?"

"Hii hapa, afande. Nimempa, kakataa. Si unaona, kasuka leo." Ezekia alitabasamu kidogo aliposema hivyo. Nadhani lile tabasamu ndilo lililomkera.

"Mimi mwenzako? Haya, tutaona. Abiria akikataa kuvaa, na yeye anakwenda kituoni." Akanigeukia. "Binti. Alikupa helmeti?"

Naomba niandike kilichopita kichwani mwangu, hata kama hakinisaidii. Nilifikiria kituo. Nilifikiria mama akiitwa shambani kuja kunitoa. Nilifikiria wale watu sita, walivyoacha kutafuna mahindi. Wote wananiangalia mimi.

"Hakunipa," nikasema.

Shule ya msingi nilisoma ya Kiingereza. Sekondari nilikuwa kwenye timu ya mdahalo, kwa aibu zangu zote hizi, kwa sababu kwenye mdahalo mtu anakupangia upande wa kusema. Kiswahili nilipata A. Lugha mbili nzima, na siku nilipoulizwa swali la kweli nilipata neno moja tu, la uongo.

Ezekia aligeuka kuniangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Unamdanganya afande mchana kweupe?" Yule kijana akanyoosha mkono kuchomoa funguo ya pikipiki. Ezekia akaifunika kwa kiganja, huku anasema kwa adabu kabisa, "Afande, niandikie faini. Nalipa. Funguo niachie tu, afande." Hakusukuma mtu. Hakuinua sauti. Niliona kila kitu, nilikuwa nyuma yake, kidevu changu karibu na bega lake.

Kirungu kilishuka kwenye kifundo cha mkono wake. Kikashuka tena.

Mimi niliruka pembeni. Pikipiki ikaanguka, naye nayo, mguu ukabanwa chini ya ekzosi ya moto. "Mkono! Afande, mkono wangu!" Kikashuka mara ya tatu, akiwa tayari chini. Yule mtu mzima akasema kutoka garini, "Basi wewe, inatosha," kwa sauti ile ya kumzuia mtoto anayemimina sukari nyingi.

Lori likapita kwa kasi na upepo wake.

Nilikuwa nimeshika nywele zangu. Kwa mikono yote miwili.

Mama wa mahindi ndiye aliyekwenda kumnyanyua. Alimfunga mkono kwa kanga yake, huku anawaambia wale trafiki usoni, "Mngemuua je, kwa ajili ya kofia?" Mwanamke asiyetujua. Hakuuliza kwanza kama inaruhusiwa kusema.

Bodaboda mwingine alimpeleka hospitali, wa tatu akanileta nyumbani. Huyo aliponipa helmeti niliivaa bila neno. Nilipofika nikamwambia mama kwamba kaka Ezekia alisahau kunipa helmeti, wakampiga. Uongo wa pili ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda kumwona. Mkono wa kulia umefungwa plasta ngumu mpaka karibu na kiwiko, na shavu la mguu limeungua, limepakwa dawa nyeupe. Mkewe anamkatia ugali matonge. Mama alimpa maharage na maziwa tuliyobeba, akampa pole, halafu akamgombeza kidogo kama anavyotugombeza sisi.

"Ila Ezekia, mwanangu, na wewe ulisahauje helmeti ya mtoto?"

Niliangalia viatu.

"Nilisahau, mama," akasema. "Unisamehe."

Hakunitazama hata kidogo aliposema hivyo, na ndivyo nilivyojua kwamba anafanya kwa ajili yangu. Mkewe akaleta chai. Nilikunywa vikombe viwili.

Sasa leo. Asubuhi mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda alikuja hapa hapa kwenye vichanja. Alivua kofia, akamsalimia mama kwa Kinyiha, wakaulizana habari za kahawa kwa muda mrefu mpaka nikajua habari yenyewe si ya kahawa.

Kumbe yule trafiki ameandika maelezo yake. Anasema dereva alimdanganya kuhusu helmeti, akataka kukimbia, akaanguka mwenyewe na pikipiki. Ezekia ndiye mkosaji. Wakiliacha hivyo, leseni inaondoka, na mtu ambaye hajui kazi nyingine anakaa nyumbani hata mkono ukipona. Lakini mkuu wa kituo amekubali kumsikiliza abiria kabla hajaamua. Kesho asubuhi. Mama wa mahindi wamemtafuta, wameambiwa amesafiri msibani, haijulikani atarudi lini.

"Ezekia mwenyewe kanikataza nisije," mwenyekiti akasema. "Kasema binti mwoga, tusimsumbue. Mimi nimekuja kwa kichwa changu."

"Mtoto anaripoti shule mwezi ujao," mama akajibu. "Jina lake likatafute nini kituoni?"

"Mama, ni dakika kumi."

"Dakika kumi za polisi nazijua mimi."

Mwenyekiti akanigeukia. Ana sauti ya upole, na upole wake ulinitesa kuliko kelele. "Binti, habari ya helmeti iache. Alikupa, hakukupa, faini yake ipo na italipwa. Wewe sema kirungu tu. Sema ulichokiona."

Mama akasema atafikiri. Mwenyekiti akasema atapita kesho saa mbili kuchukua jibu. Akaondoka.

Hapo ndipo nilipoona kwamba nimefunguliwa mlango mzuri sana. Naweza kwenda kuwa shujaa. Nasema kirungu, nalia kidogo, watu wananisifu, na lile neno langu linabaki lilipo. Nusu ya ukweli, nusu ambayo hainigharimu.

Nimechambua kahawa saa nzima nikilifikiria hilo, na ninakiri, nililipenda.

Halafu nikajiweka kwenye kiti cha mkuu wa kituo, kama tulivyofundishwa kwenye mdahalo kukaa upande wa pili. Ningesoma nini? Dereva alisema alimpa abiria helmeti. Abiria akasema hakupewa. Basi dereva ni mwongo. Na mwongo akisema "sikutaka kukimbia", nani anamsikia? Maelezo yote ya yule trafiki yamesimama juu ya neno langu moja. Nikisema kirungu na kuliacha neno lile, nitakuwa nimemshika Ezekia mkono mmoja na kumsukuma kwa mwingine.

Najua pia kwamba si mimi niliyeshika kirungu. Nimejiambia hivyo mara nyingi tangu Jumamosi. Kosa la kutovaa helmeti lina faini, na mkono wa mtu haumo kwenye orodha ya faini. Hata kama Ezekia angekuwa kweli mwongo, hata kama angenibeba peku na kichwa wazi kwa makusudi, yule kijana hakuwa na haki ya kumvunja. Hiyo ni aibu yake na aibeba yeye, kama anayo. Lakini kila nikifika mwisho wa mawazo hayo, ile ya kwangu naikuta imekaa palepale inanisubiri.

Kwa hiyo muda mfupi uliopita, mama alipopita mara ya tatu na punje mbovu mkononi, nilisema. Niliangalia kahawa, sikuweza kumwangalia yeye. Nilisema alinipa helmeti, nikaikataa kwa sababu ya rasta, na nilipoulizwa nikasema hakunipa.

Kuku wakapanda kwenye kichanja na hakuna aliyewafukuza.

"Na Jumapili," akasema. "Mimi nimekaa kwa watu namgombeza mgonjwa. Na wewe upo, unakunywa chai."

"Ndiyo, mama."

Nilisubiri kofi. Halijaja. Alisimama kidogo, akanishika rasta moja, akaiangalia ile shanga ya bluu kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, akaiachia. Akaenda jikoni. Nikasikia sufuria zinagongana kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Halafu akasema kutoka huko ndani, bila kutokeza:

"Kesho uvae sweta nzito. Kwenye mabenchi ya kituo kuna baridi. Nakwenda na wewe. Na tukitoka huko tunapita kwa Ezekia, nina maneno yangu ya kumrudishia."

Kesho ninaiogopa. Yule trafiki huenda atakuwepo. Huenda atakaa mbele yangu na ataniangalia kama siku ile, na mimi najijua, naweza kuangalia viatu vyake na kunyamaza. Ninaandika hapa ili nikitaka kukimbia niwe nimeshasema mahali. Wasomaji wa blogu hii ni wachache, na nusu yao ni mimi mwenyewe nikirudi kusoma, lakini wanatosha kunikumbusha.

Nimefanya mazoezi mbele ya kahawa. Alinipa. Nilikataa. Hata mtoto wa chekechea anaweza kuyatamka.

Mwenyekiti anapita saa mbili. Helmeti nitamwomba mimi, kabla hajanipa.