Simu Aliyoifungia Mume Wangu

Shoga, nimechoka mimi. Mume wangu karudi kutoka hospitali, kakaa na viatu miguuni.

Unajua yeye ndiye fundi wao wa mtandao. Leo waifai ilizorota, madaktari wakamjia juu. Akakagua simu zilizounganishwa, akaona moja inakomba yote. Akaikata. Ikarukia kifaa cha waifai cha wodi ya jirani. Akaifungia jengo zima!

Dada mmoja akatoka wodini analia: “Nani kakata? Baba alikuwa anaagana kwa video na kaka yangu aliye ng'ambo!”

Shoga, ANAAGANA!

Akakimbia kuifungulia. Picha ikarudi, kaka anaita, “Baba! Baba!” Mzee keshakata roho.

Sasa hivi bosi kampigia: “Hongera fundi, mtandao unakimbia!”

Kajibu, “Asante.” Basi.